Dekha wa Wajir: mama aliyeianzisha amani sokoni

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, soko la mji wa Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, lilikuwa limegawanyika kwa koo. Mama wa Degodia hakununua kwa mama wa Ajuran, na wa Ogaden naye alikuwa na watu wake. Ukame ulikuwa umemaliza mifugo, serikali ya Somalia imeanguka na bunduki zinavuka mpaka, kisha uchaguzi wa 1992 ukawatia moto watu ambao tayari walikuwa wakigombania visima na malisho. Kuitegemea serikali nako kulikuwa kugumu kwa wenyeji ambao hawajasahau mauaji yaliyofanywa na askari wa serikali kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, Februari 1984.

Dekha Ibrahim Abdi alizaliwa katika mji huo mwaka 1964. Alikuwa mwalimu, akawa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, baadaye akafanya kazi ya afya miongoni mwa wafugaji wanaohamahama. Hakuwa mwanasiasa wala mzee wa ukoo. Alikuwa mama mwenye mtoto mdogo.

Kisa alichopenda kukisimulia ni cha usiku mmoja wa risasi, alipojificha na mwanawe chini ya kitanda. Kulipokucha, mama yake akamwambia kwamba naye, miaka ya sitini wakati wa vita vya Shifta vya kutaka kujitenga na Kenya, alijificha vivyo hivyo akiwa amemkumbatia yeye, Dekha, akiwa mtoto. Karibu miaka thelathini imepita, na bado mama wa Wajir anamlaza mwanawe sakafuni. Dekha aliamua kwamba binti yake hatakuja kumficha mjukuu.

Wanawake wachache, Dekha akiwa mmoja wao, walianza kuzungumza walipokutana arusini, mahali ambapo koo zote zilikuwa bado zinaweza kukaa pamoja. Hawakuanza na hotuba wala kuomba fedha kwa mtu. Walikwenda sokoni, kwa kuwa sokoni ndiko walikokuwa na sauti, wakaweka kanuni moja: mama yeyote auze na anunue kwa mama yeyote. Wakachaguana wenyewe wa kusimamia, na aliyevunja kanuni aliitwa akasemeshwa. Atakayeona hilo ni jambo dogo hajaishi mahali ambapo chakula cha watoto jioni kinategemea maziwa yaliyouzwa asubuhi. Soko lilipotulia, watu waliokuwa hawasalimiani wakalazimika kuulizana bei.

Kutoka sokoni wakawafuata wazee. Hapa ndipo ninapoona akili yao. Wazee wa koo kubwa wasingekubali kuongozwa na mahasimu wao, kwa hiyo kazi ya kusuluhisha wakapewa wazee wa koo ndogo, ambao hakuna aliyewahofia. Baada ya vikao virefu, tarehe 29 Septemba 1993, wazee walitia saini Azimio la Al-Fatah lililoweka taratibu za kurudisha mifugo iliyoibwa na kulipa fidia ya damu. Vijana, wafanyabiashara na maofisa wa serikali wakaingizwa pia, na ikawepo timu ya kukimbilia popote paliponuka vita kabla moto haujasambaa. Kwa miaka hiyo ya mwanzo, sehemu kubwa ya kazi hii ilifanywa kwa kujitolea, baada ya saa za ajira na kati ya shughuli za nyumbani.

Kamati ya amani ya Wajir iliyozaliwa na kazi hiyo ikawa kielelezo cha kamati za amani za wilaya kote Kenya. Dekha mwenyewe aliitwa kufundisha usuluhishi katika nchi nyingi, na mwaka 2007 akapewa tuzo ya Right Livelihood. Miezi michache baadaye Kenya ikawaka baada ya uchaguzi. Pamoja na Balozi Bethuel Kiplagat na majenerali wastaafu Lazaro Sumbeiywo na Daniel Opande, alianzisha jukwaa la raia wenye kujali amani, lililokutana kila asubuhi jijini Nairobi kupokea habari kutoka mikoani na kutafuta nani anaweza kumfikia nani. Mwalimu wa Wajir alikuwa akiwaketisha mabalozi na majenerali meza moja.

Julai 2011, akiwa safarini na mumewe kwenda Garissa, gari lao lilipata ajali. Mumewe na dereva walifariki, naye akafuata siku chache baadaye, tarehe 14. Aliacha watoto wanne. Hakuwa ametimiza hata miaka hamsini.

Kila uchaguzi unapokaribia, viongozi wetu huzikumbuka kamati za amani kwa wiki chache, kisha huziacha bila nauli ya kwenda kwenye kikao. Wanaozishikilia bado ni akina mama wale wale wasiolipwa. Serikali za kaunti zina bajeti. Ziwatengee fungu lao. Na wanaoandika vitabu vya shule wampe Dekha ukurasa wake, ili mtoto wa Kisumu na wa Kwale amjue kama anavyojulikana Wajir.