Udhuru wa Wakili Asiyefika Mahakamani

Hapa milimani Usambara shamba ndilo urithi mkubwa wa nyumba nyingi, na magomvi ya mipaka na mirathi ndiyo yatupelekayo mahakamani. Aghalabu mtu wa Mlalo au Mtae akishamlipa wakili hurudi shambani kwake, akidhani mzigo umetuliwa. Siku ya shauri wakili hafiki. Akiwa ni mdai, shauri lake huweza kufutwa. Akiwa ni mdaiwa, husikilizwa upande mmoja tu, na hukumu ikatoka yeye hana habari. Je, mlango umefungwa?

La, haujafungwa. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, humruhusu kurejea katika mahakama ileile iliyotoa amri, akaomba itenguliwe ili pande zote mbili zisikilizwe. Lakini sharti alete sababu ya kutosha, tena mapema: Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, imeweka siku 30. Siku hizo zikipita, hana budi kuomba kwanza aongezewe muda, na huo ni mlima wa pili.

Basi sababu ya kutosha ni ipi? Wengi hudhani kwamba kusema wakili ndiye aliyekosa kwatosha. Sivyo. Katika shauri la Umoja Garage na National Bank of Commerce, lililochapishwa katika taarifa za hukumu za 1997, Mahakama ya Rufani ilikataa kuufanya uzembe wa wakili kuwa udhuru. Wakili hunena kwa niaba yako, na upande wa pili nao una haki ya kuona shauri limekwisha. Hata hivyo, Mahakama hiyohiyo imepata kukiri kwamba huenda mteja akasamehewa, ikiwa hali nzima ya shauri yaonyesha yeye mwenyewe hakulala. Na katika shauri la Lyamuya Construction, maombi namba 2 ya 2010, ilimtaka mwombaji wa muda aeleze siku zote alizochelewa, kuchelewa kwenyewe kusipite kiasi, na bidii yake ionekane.

Lakini dharura si uzembe. Wakili aliyelazwa hospitali, au aliyezuiwa na maporomoko ya mvua katika barabara ya Mombo na Soni, ana udhuru, ila udhuru huo wataka ushahidi. Ndiyo maana maombi huambatana na hati ya kiapo. Mteja huapia ayajuayo mwenyewe. Yaliyompata wakili, wakili na ayaapie, na cheti cha tabibu kiambatanishwe. Kiapo juu ya habari ya kusikia hakina uzito.

Kwa hiyo, enyi vijana mliosoma, wasaidieni wazee wenu. Andikeni katika daftari kila tarehe ya shauri. Wekeni risiti na barua za wakili. Siku ya shauri mzee na ahudhurie mwenyewe, ijapokuwa ana wakili. Akisikia shauri limefutwa, asingoje wiki ipite: na aende masjala siku hiyohiyo kuomba nakala ya amri, kisha ahesabu siku zake. Kila hatua iliyoandikwa ndiyo itakayomshuhudia kwamba hakuzembea. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.