Kukadiria Pampu kwa Tangi la Samaki wa Mtoni

Wafugao samaki katika matangi ya kioo huuliza kwanza, "Ninunue pampu ya lita ngapi?" Yafaa waanze kwa kuuliza habari za mto. Katika mito ya bonde la Pangani yumo samaki mdogo wa jamii ya kambare, ambaye wataalamu humwita Chiloglanis deckenii. Mdomo wake ni mfano wa kikombe cha kunyonya, naye hushikamana na jiwe hata palipo mkondo mkali. Samaki wa namna hii amezoea maji yenye hewa tele. Maji yakilala, hudhoofika upesi.

Basi nenda mtoni na saa na kamba. Pima meta 3 mahali paliponyoka, tupa kijiti majini, uhesabu sekunde. Fanya hivyo mara tatu au nne. Kijiti kikitumia sekunde 10, maji ya juu yaenda sentimeta 30 kwa sekunde. Lakini maji ya chini huzuiwa na mawe, kwa hiyo chukua sehemu 8 katika 10, yaani sentimeta 24.

Sasa tazama tangi lenye urefu wa sentimeta 120, upana 40, na kina cha maji 40. Ndani yake mna lita 192. Ukitaka maji yote yaende kwa mwendo ule, zidisha 40 kwa 40 kwa 24: utapata lita 38 na zaidi kidogo kila sekunde, nazo kwa saa moja ni lita 138,240. Hakuna mtu mwenye akili atakayenunua pampu ya namna hiyo kwa ajili ya tangi la sebuleni!

Wala haihitajiki. Panga mawe upande wa mbele, ufanye mfereji wa sentimeta 10 kwa 10. Hapo zatosha lita 8,640 kwa saa, na pampu ndogo ya panga, izungukayo ndani ya maji, yaweza kuzisukuma. Maji yatarudi polepole nyuma ya mawe, na huko samaki atapumzika, kama afanyavyo mtoni. Funika mdomo wa pampu kwa sifongo, wadogo wasivutwe.

Pampu ya chujio ni jambo jingine. Mara 4 au 5 ya maji ya tangi kwa saa zatosha, lakini usiiamini namba iliyoandikwa juu ya sanduku. Namba hiyo ni ya pampu isiyopandisha maji. Kadiri yanavyopanda, ndivyo yanavyopungua. Mimi nalinunua pampu ya lita 2,000, nikaiweka chini ya meza bila kuipima. Samaki walipoanza kutweta juu ya maji ndipo nilipotwaa ndoo ya lita 10: ilijaa kwa sekunde 40, maana yake lita 900 tu kwa saa. Wanne katika sita walikuwa wamekwisha kufa.

Kwa hiyo pima kwa ndoo, mpira ukiwa mahali pake na kwa kimo chake, kabla samaki hawajatiwa. Tena weka tayari pampu ya hewa itumiayo betri. Umeme ukikatika, samaki wa mkondo ndio wafao kwanza, hasa wakati wa joto, kwa kuwa maji ya moto hushika hewa kidogo.