Kwa nini video ya harusi hukataa kuingia kwenye DVD

HARUSI imefanyika Njoro Jumamosi. Ibada ikachukua saa mbili na karamu saa mbili nyingine. Wiki moja baadaye, mpiga video ameketi mbele ya tarakilishi yake jijini Nakuru akitazama faili ya gigabaiti 18. Mkononi ana diski tupu iliyoandikwa 4.7. Vijana wa familia wamekwisha kuridhika na sehemu walizotumiwa kwenye simu. Lakini nyanyake bibi harusi anaishi Molo, ana runinga na mashine ya DVD, na kitu kisichoweza kutiwa ndani ya mashine hiyo si video kwake.

Linalowapotosha wengi ni uzito wa faili. Hudhaniwa kwamba kwa kuwa 18 haziingii katika 4.7, basi video yenyewe haiingii. Hesabu haiko hivyo. Ili ichezwe na mashine ya DVD, video hufumuliwa na kusukwa upya kwa mtindo uitwao MPEG-2, ambao mashine hizo zimeutumia tangu miaka ya 1990. Ukubwa wake mpya hutegemea mambo mawili: muda wa video, na idadi ya biti zinazotengewa kila sekunde. Faili ya gigabaiti 9 yenye dakika 40 itaingia bila kusongamana, ilhali filamu ya gigabaiti moja na nusu inayochukua saa tatu itabanika.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Diski ina baiti bilioni 4.7, na kila baiti ni biti nane, hivyo jumla ni biti bilioni 37.6. Zikigawanywa kwa sekunde 3,600 za saa moja, kila sekunde hupata biti milioni 10 na ushei, karibu na kilele kinachoruhusiwa na kanuni za DVD. Kwa saa mbili, kila sekunde hupata milioni 5, na picha bado ni safi. Kwa saa tatu ni milioni 3.5. Kwa saa nne, kama harusi ya Njoro, zinabaki milioni 2.6, na hapo sauti haijachukua fungu lake.

(Tarakilishi nyingi huonyesha diski hiyo kuwa na gigabaiti 4.37 pekee. Muuzaji hajamwibia mtu. Mtengenezaji wa diski huhesabu kwa 1,000, nayo Windows huhesabu kwa 1,024.)

Fungu hilo la sauti husahaulika sana. Sauti isiyobanwa hula takriban biti milioni moja na nusu kila sekunde. Katika video ya saa tatu hizo ni gigabaiti mbili, karibu nusu ya diski. Sauti iliyobanwa kwa mtindo wa Dolby hutosheka na biti 192,000 kwa sekunde, na spika ya runinga ya kawaida haitaonyesha tofauti. Fundi asiyebadilisha chaguo hilo huishia kulaumu kamera.

Kuhusu picha, MPEG-2 haihifadhi kikamilifu kila mojawapo ya picha 25 za sekunde moja. Huhifadhi picha kamili baada ya kila nusu sekunde hivi, kisha huandika yaliyobadilika tu. Mhubiri aliyesimama mimbarini hagharimu kitu, kwani ukuta ulio nyuma yake haubadiliki. Kina mama wakianza kucheza na kutimua vumbi wakimsindikiza bibi harusi, au kamera ikielekezwa kwa maelfu ya heroe wanaopiga mbawa Ziwa Nakuru, kila kitu hubadilika kwa wakati mmoja. Biti hazitoshi, na nyuso za watu hugeuka miraba. Ndiyo maana programu bora huisoma video mara mbili: mara ya kwanza kutafuta mahali penye shughuli, na mara ya pili kugawa biti kwa haki.

Kwa saa nne, dawa iliyo bora ndiyo rahisi pia: diski mbili, ya kwanza ibada, ya pili karamu. Ziko diski za tabaka mbili zenye gigabaiti 8.5, lakini ni adimu na baadhi ya mashine kuukuu huzikataa. Mteja aking'ang'ania diski moja, upana wa picha waweza kupunguzwa kutoka vitone 720 hadi 352, kipimo ambacho kanuni za DVD hukikubali. Picha itafifia kidogo, lakini miraba itapungua. Kisha diski sharti ifungwe baada ya kuchomwa, la sivyo mashine ya Molo haitaisoma. (Aliye na filamu ya kibiashara anayetaka kuichoma na kuiuza ana tatizo jingine, nalo limeelezwa katika Sheria ya Hakimiliki ya 2001.)

Hasara kubwa hutokea baada ya DVD kukabidhiwa. Mpiga video ana harusi nyingine Gilgil Jumamosi inayofuata, hifadhi yake imejaa, naye anaifuta ile faili ya gigabaiti 18 akiamini kwamba diski inatosha. Kilichobanwa hakirudi. Miaka kadhaa baadaye mmoja wa kina mama waliocheza siku ile anafariki, familia inatafuta sura yake kwa ajili ya mazishi, na inachopata ni miraba inayocheza.

Familia inayochukua DVD inafaa kuomba pia faili asilia, hata kama italazimika kununua hifadhi yake yenyewe. Flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 hukataa faili moja inayofikia gigabaiti 4 hata ikiwa na nafasi ya 32. Iandaliwe kwanza kwa exFAT. Diski zilizochomwa zamani nazo zinakiliwe sasa. Rangi inayobeba data ndani yake huharibiwa na joto na mwanga, na tarakilishi nyingi mpya hazina tundu la kuzisoma. Diski ikikataliwa na mashine moja, ijaribiwe kwenye nyingine kabla ya kutupwa.