Kiingereza Kianzie kwa Magokoro

Ni jambo lisilopingika kwamba mzazi wa Kisii au Nyamira yuko tayari kujinyima kila kitu ili mwanawe ajue Kiingereza. Atauza ndizi katika soko la Daraja Mbili, atachuma majani ya chai Kebirigo kabla umande haujakauka, atachonga mawe ya Tabaka hadi vumbi limjae kifuani, mradi vitabu na sare vipatikane. Anajua, nasi sote tunajua, kwamba Kiingereza ni lugha ya mtihani, ya mahojiano ya kazi na ya ofisi nyingi za nchi hii. Simlaumu hata kidogo. Swali langu ni jingine: je, mtoto huyo anafundishwa Kiingereza kwa njia gani, na njia hiyo inamlea awe mtu wa namna gani?

Kwa miaka mingi tumekiingiza Kiingereza darasani kwa fedheha. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind, jinsi mwanafunzi wa enzi ya ukoloni aliyepatikana akisema lugha ya mama yake alivyoweza kuchapwa au kuvishwa kibao shingoni kilichomtangaza kuwa mjinga. Ukoloni ulifunga virago mwaka 1963. Kibao kilibaki. Walimu wenzangu wengi wa rika langu walikivaa, na wanakikumbuka hadi leo. Aliyekivaa asubuhi alitakiwa kumtega mwenzake, amsikie akiteleza kwa neno moja la Ekegusii, kisha amkabidhi. Kwa hiyo somo la kwanza la Kiingereza lilikuwa somo la kumsaliti rafiki. Je, ni ajabu kwamba watu wazima wengi, wenye vyeti vyao, hadi leo hukizungumza Kiingereza kwa woga, kana kwamba kuna mtu nyuma yao anayewategea?

Baada ya fedheha ukaja ukasuku. Mtihani wa KCPE, uliofanywa kuanzia mwaka 1985 hadi 2023, ulitenga alama 40 kwa insha ya Kiingereza. Watoto wakakaririshwa mafungu ya maneno yaliyorembwa: jua lililochomoza kama dhahabu, ndege walioimba kwa furaha, moyo uliodunda kama ngoma. Nimesoma insha chungu nzima za namna hiyo. Ukiwa na thelathini mbele yako, utakuta jua lile lile limechomoza mara thelathini, hata pale ambapo kichwa cha insha kilihusu usiku. Lakini mwulize mwandishi huyo huyo kwa Kiingereza jana alikula nini, nani alimpikia, na nani aliyeosha sufuria. Atatazama chini. Ana mapambo ya nyumba, ila nyumba yenyewe hana.

Kwa maoni yangu, njia iliyo bora zaidi iko karibu nasi, nayo ni rahisi. Tuwafundishe watoto Kiingereza kwa hadithi fupi, zenye maneno machache, zinazohusu maisha wanayoyaishi na wema wanaoweza kuutenda. Wapo watakaodhani huu ni mchezo wa watoto wa chekechea. La hasha! Hadithi nyepesi hufundisha sarufi ambayo sentensi za mazoezi haziwezi kuifundisha, na ningependa kulithibitisha hilo kwa mifano.

Mfano wa kwanza ni vile vijineno viwili vinavyowasumbua wanafunzi wetu hadi chuo kikuu, yaani “a” na “the”. Mwalimu huandika ubaoni sentensi kumi zisizohusiana na kumtaka mtoto ajaze pengo. Mtoto hubahatisha, kwa kuwa katika sentensi iliyo peke yake mara nyingi hakuna sababu ya kuchagua kimoja na kukiacha kingine. Sababu imo katika masimulizi. Tunasema kwanza “an old woman”, kwa kuwa msikilizaji hajamjua bado. Kisha tunasema “the old woman”, kwa kuwa sasa anamjua. Kiswahili hufanya vivyo hivyo kinaposema “bibi mmoja” na baadaye “yule bibi”. Mtoto aliyesikia hadithi moja tu tangu mwanzo hadi mwisho ameshaliona jambo hili likitendeka, hata kabla ya kupewa kanuni.

Mfano wa pili ni “he” na “she”. Ekegusii, kama kilivyo Kiswahili, ni lugha ya Kibantu. Tukisema “alimpa maji”, hatujasema kama aliyetoa ni mwanamume au mwanamke. Ndiyo maana mtoto wetu humwita mama yake “he” bila kukusudia utovu wa adabu. Orodha ya viwakilishi haimsaidii sana. Lakini mpe hadithi ya mvulana na nyanyake, ambamo mmoja anateka maji na mwingine anachoma mahindi. Akikosea kiwakilishi, hadithi yote inaharibika, maana nyanya atakuwa ndiye aliyepanda mlima na mtungi! Darasa litacheka, na aliyekosea atacheka pia, kisha atarekebisha.

Mfano wa tatu ni vitenzi. Kiswahili kwa kawaida hutumia “-li-” kwa kitendo kilichopita, ilhali vitenzi vya Kiingereza vinavyotumiwa zaidi hubadilika umbo bila kufuata kanuni moja: “gave”, “brought”, “took”, “came”, “sat”, “held”, “found”. Hebu vitazame vitenzi hivyo kwa makini. Kutoa, kuleta, kuchukua, kuja, kuketi, kushika, kupata. Hivyo ndivyo vitenzi vya wema wa kila siku! Mtu hawezi kusimulia jinsi mtoto alivyomsaidia jirani bila kuvitumia, tena mara mbili tatu katika ukurasa mmoja. Wema na sarufi vinakutana kwenye maneno yale yale.

Hoja hii si ndoto yangu. Mwalimu Mwingereza Michael West, aliyefanya kazi Bengal katika miaka ya 1920, alitunga vitabu vya kusoma vyenye msamiati mdogo uliorudiwarudiwa, baada ya kuona kwamba wanafunzi walikuwa wakizama katika maneno wasiyoyahitaji. Kule Fiji, mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu 250 vya hadithi zenye picha katika kila darasa la shule za mashambani walizozichagua. Watoto wa darasa la nne na la tano, ambao Kiingereza kwao kilikuwa lugha ya pili, walisoma hadithi hizo kila siku. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1983 yalionyesha kwamba maendeleo yao ya kusoma yalikuwa karibu maradufu ya yale ya wenzao waliofuata mazoezi ya kawaida. Nasi hapa Kenya tulionja ladha yake pale mradi wa Tusome ulipoenea nchini kote kuanzia mwaka 2015 na kuwafikishia watoto wa madarasa ya chini vitabu vya Kiingereza na Kiswahili, kila mmoja na chake. Hata hivyo, mradi huo ulilenga madarasa matatu ya kwanza. Mtoto akishavuka hapo, hadithi hukatika ghafla, na vifungu vya ufahamu vyenye maswali kumi vikashika nafasi yake.

Sasa, hadithi zihusu nini? Mcheza kwao hutunzwa. Mtoto wa Nyansiongo hahitaji theluji ili ajue Kiingereza. Anahitaji gunia la majani ya chai lililolowa, foleni kwenye kituo cha kununulia chai, matatu iliyokwama matopeni barabara ya Keroka, kaka aliyempa mwenzake koti wakati wa mvua ya mawe, muuza ndizi aliyerudisha salio lililozidi. Hayo ameyaona kwa macho yake. Akikutana na neno geni, kitu chenyewe kinamfasiria.

Hata hivyo, kuna hadithi moja ambayo ningependa kila darasa la Kisii na Nyamira liisome kabla ya nyingine zote. Ni hadithi ya magokoro. Hilo ndilo jina ambalo mtoto wa Kigusii humwitia nyanyake. Sababu yangu ni nzito, nami naomba msomaji anivumilie niitaje.

Mwezi Mei mwaka 2008, watu 11, wengi wao wanawake, waliuawa kwa kuchomwa moto katika vijiji vya Kisii wakidaiwa kuwa wachawi. Mwezi Oktoba mwaka 2021, akina mama wanne wakongwe waliuawa huko Marani kwa madai hayo hayo. Kati ya miaka hiyo na baada yake, wazee wengine wameishi kwa hofu katika boma zao wenyewe, na mara nyingine nyuma ya uvumi wa uchawi kumekuwa na tamaa ya kipande cha ardhi. Waliotenda unyama huo ni wachache, na wengi wa jamii hii wanauchukia na kuukemea. Lakini tusijidanganye: wapo watoto walioyasikia mayowe usiku, na wapo waliofunzwa kukimbia wanapomwona ajuza akipita peke yake njiani.

Ajabu iliyoje! Mama huyo mkongwe ndiye aliyekuwa mwalimu wetu wa kwanza. Ndiye aliyekaa karibu na moto jioni akatoa emegano, ngano za Abagusii, huku wajukuu wakingoja obokima uive. Jamii inayomwogopa magokoro inaogopa maktaba yake yenyewe.

Ndiyo sababu nataka mtoto wa gredi ya nne asome, kwa Kiingereza chepesi, kurasa nne kuhusu mama mkongwe aishiye peke yake karibu na shule. Macho yake ni mekundu. Watu wananong'ona. Msichana mmoja anaingia kwake ili kujikinga na mvua, anaona jiko lisilo na bomba la moshi, anaelewa ni kwa nini macho ni mekundu. Kesho yake anarudi na kuni kavu na fungu la chinsaga. Ajuza anampa ngano moja. Hadithi imekwisha. Maneno yake hayazidi mia mbili, na ndani yake mna “a” na “the”, mna “she” na “he” ya kaka aliyekataa kuingia, mna “gave” na “brought” na “sat”. Pia mna jambo ambalo hakuna kanuni ya sarufi inayoweza kulifundisha. Sidai kwamba kurasa nne zitazima moto uliowashwa na watu wazima. Ninachodai ni kwamba mtoto aliyeketi na mama huyo katika hadithi, akajua sababu ya wekundu wa macho yake, atakuwa na swali la kuuliza siku atakaposikia uvumi.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Wapo watakaosema kwamba kutumia Ekegusii katika somo la Kiingereza ni kumrudisha mtoto nyuma. Kamati ya Gachathi ilipendekeza tangu mwaka 1976 kwamba lugha ya eneo itumike katika miaka mitatu ya kwanza ya shule, na sera hiyo haijafutwa. Ni sisi tunaoiona haya. Mtoto akiisimulia hadithi kwanza kwa Ekegusii, anajua anachotaka kusema. Kazi ya Kiingereza inabaki kuwa moja tu, kukisema. Mjini Kisii, ambako watoto hutoka jamii mbalimbali, Kiswahili kitafanya kazi hiyo hiyo.

Wengine watasema hadithi za wema ni mahubiri. Zitakuwa mahubiri iwapo mwalimu atazifunga kwa kuandika ubaoni funzo la hadithi. Asifanye hivyo. Aulize tu: kwa nini kaka hakuingia? Wewe ungeingia? Darasa lenye jambo la kubishania haliwezi kunyamaza, na mbishi husahau kuona haya kwa lugha.

Tena wapo watakaouliza fedha zitatoka wapi. Daftari moja kubwa na kalamu ya wino mzito vyatosha kuanzia. Mwalimu aisome hadithi mara mbili kwa sauti. Watoto waisimulie kwa lugha yao, kisha waigize kwa Kiingereza, kisha kila mmoja aandike sentensi tano. Asisahihishe kila kosa. Achague kosa moja la siku hiyo. Mwezi wa pili, wanafunzi waende nyumbani wamwombe nyanya au babu hadithi moja kwa Ekegusii, waje waiandike kwa Kiingereza chepesi kwa msaada wa mwalimu, na mwanafunzi mwenye mkono mzuri achore picha. Mwisho wa mwaka darasa litakuwa na kitabu chake, na kila mkongwe kijijini atakuwa amegongewa mlango na mtoto aliyekuja kuomba ngano.

Kwenu walimu wenzangu, hasa ninyi chipukizi mnaotoka vyuoni sasa: KCPE imekwenda na insha zake za jua la dhahabu. Mtaala mpya umetupa nafasi, tusiijaze kwa ukasuku mpya. Nanyi wanafunzi, msingoje mwalimu. Jioni ya leo mnaweza kumsalimu magokoro, mkamwomba ngano, mkaiandika kwa maneno ya Kiingereza mnayoyajua, hata yakiwa hamsini tu. Hayo hamsini yatakuwa yenu, wala hakuna wa kuwavisha kibao kwa ajili yake.