Gemu Kwenye Simu ya Mzazi

Kotile, kama kwingineko Ijara, watoto wengi hawana simu zao. Gemu huchezwa kwa simu ya mama, ya baba au ya kaka mkubwa, mara nyingi jioni baada ya duksi. Wazazi huona hivyo ni salama zaidi kuliko kumnunulia mtoto simu. Lakini duka la programu la Play Store halijui kwamba aliyeishika simu ana miaka 9. Linaona akaunti ya mtu mzima na kumfungulia milango yote.

Kila gemu katika duka hilo ina alama ya umri: 3+, 7+, 12+, 16+ au 18+. Alama hizi huangalia umwagaji damu, matusi, ngono na kamari. Hazipimi ugumu wa mchezo. Wengi huchanganya hapo. Gemu ya kandanda yenye 3+ inaweza kumshinda mtoto wa miaka 6, na Grand Theft Auto, ambayo ni ya watu wazima, mtoto wa miaka 10 huielewa upesi sana.

Mzazi anaweza kuweka kizuizi mwenyewe. Fungua Play Store, bonyeza picha ya akaunti juu kulia, ingia kwenye Mipangilio, kisha Familia, halafu sehemu ya udhibiti wa wazazi. Weka namba ya siri na uchague umri. Namba hiyo isiwe ile ya M-Pesa, ambayo watoto wengi huijua. Hapo kwenye mipangilio, agiza pia simu idai nywila kabla ya kila ununuzi, kwa kuwa gemu nyingi za bure huuza nguo na silaha ndani yake.

Kizuizi hiki kina mwanya. Hakiondoi gemu zilizokwisha kuingia kwenye simu. Tena hakioni gemu iliyotumwa kutoka simu nyingine kwa Bluetooth au Xender, jinsi vijana wafanyavyo ili kuokoa bando. Kwa hizo hakuna dawa ila mzazi kukaa na mtoto, kufungua gemu moja moja na kumwomba amwonyeshe inavyochezwa. Mtoto anayejifunza shax kando ya wazee, kila mchezaji na vijiwe vyake 12, hujifunza pia kushindwa bila hasira kwa kuwa wakubwa wapo. Gemu ya simu huchezwa pembeni, kimya.

Kwa watoto wa chekechea, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa 1 kwa siku mbele ya skrini, na wa chini ya mwaka 1 wasiwekwe mbele yake kabisa.

Mtoto akitishwa au kutumiwa picha chafu na mtu asiyemjua ndani ya gemu, mzazi asifute ujumbe huo. Apige 116, simu ya bure ya kusaidia watoto.