Filta za hewa za malori: nani anabeba hasara ya kupuliza?

Mwenye lori linalobeba mizigo ya Zambia na Kongo hajui kulala bila kupiga hesabu ya dizeli, matairi na posho ya dereva. Filta ya hewa haimo katika hesabu hiyo mpaka siku injini inaposhushwa. Hapo fundi humwonyesha slivu zilizosuguka, ringi zilizolegea na tabo iliyolika mapanga, kisha humpa bili ambayo ingetosha kununua filta za miaka kadhaa.

Kando ya barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma, filta inalisha wengi: maduka ya spea ya Gerezani, mafundi wa Mbeya, vijana wenye kompresa kwenye maegesho ya malori. Kila lita ya dizeli inayoungua inahitaji zaidi ya lita 10,000 za hewa. Lori likiacha lami na kuingia njia ya machimbo, hewa yote hiyo, pamoja na vumbi lake, inapita kwenye karatasi iliyokunjwakunjwa ndani ya kopo. Ikiziba, gari linatoa moshi mweusi na kuishiwa nguvu mlimani, na kwenye mlima wa Kitonga dereva hulijua hilo mapema.

Mfanyabiashara mmoja wa Gerezani aliyeomba jina lake lisitajwe ana malalamiko ambayo wenzake wengi wanayo. Anauza filta halisi, anatoa risiti na analipa VAT ya asilimia 18. Duka la jirani lina boksi lenye rangi zilezile na maandishi yaleyale, kwa bei ya chini sana na bila risiti. Anaweka filta mbili juu ya kaunta, yake na ya aina inayouzwa kwa jirani. Ya kwanza mikunjo yake imesimama sawasawa na mpira wake wa kuzibia ni laini. Ya pili, ukiibonyeza kwa kidole mikunjo inalala upande, mpira ni mgumu, na gundi imeacha mwanya pembeni. Kinachomuuma zaidi, anasema, ni kwamba ile feki ikiua injini, mteja hulaumu jina lililochapwa kwenye boksi, na jina hilo ndilo analouza yeye.

Ofisa mmoja anayeshughulikia ubora wa bidhaa, naye bila kutaka kutajwa, anajibu kuwa tangu 2012 bidhaa zinazoingia nchini hukaguliwa huko zinakotoka kabla ya kupakiwa melini. Utaratibu huo upo kweli. Lakini cheti husafiri na kontena, hakifuati filta mpaka kwenye rafu. Mzigo uliopita njia za panya hauna cheti, na filta isiyo na jina inayotiwa kwenye boksi jipya hapa hapa mjini haiguswi na ukaguzi wa ng'ambo. Mwenye gari akiambiwa soko liko salama, ana haki ya kuuliza ni soko lipi.

Hata hivyo feki ni nusu ya tatizo. Nusu nyingine ni upepo wa kompresa. Kompresa za gereji nyingi husukuma hewa kwa baa 7 au 8, wakati watengenezaji wanaoruhusu filta ipulizwe hutaka isizidi baa 2 hivi, tena kutoka ndani kwenda nje. Kijana wa maegesho husogeza bomba mpaka liguse karatasi. Vumbi linatimka, filta inang'aa, dereva analipa na kuondoka na tundu asiloliona. Taa ikiwashwa ndani ya filta mahali penye giza, tundu hilo lingeonekana, ila wanaofanya hivyo ni wachache. Ile filta ndogo ya ndani, ambayo haipaswi kupulizwa kabisa, nayo hupulizwa.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawapendi kulisema: filta yenye vumbi kidogo huchuja vizuri kuliko mpya, kwa sababu vumbi lenyewe huziba vitundu vidogo. Kuifungua kila safari ni hasara tupu. Kiashirio cha kuziba kwa filta, kilicho kwenye bomba la hewa, ndicho kinachopaswa kuamua. Lakini kwenye malori mengi yaliyotumika kimekufa au kimeng'olewa.

Maboresho nayo yana soko. Kichujio cha awali kinachotupa vumbi zito kabla halijafika kwenye karatasi kinafaa kwa gari la machimbo, na vivyo hivyo mdomo wa hewa uliopandishwa juu ya kichwa cha gari. Filta za pamba zenye mafuta, zinazosifiwa kwa kuongeza nguvu, zinavutia kwa kuwa zinaoshwa, lakini nyingi hupitisha vumbi jingi kuliko karatasi, na kwa lori la mzigo siwezi kuzipendekeza. Kabla ya yote hayo, tazama kipira cha chini ya kopo kinachodondosha vumbi. Kikipasuka au kikiganda, vumbi lililokwisha kutengwa hurudi kwenye filta.

Biashara hii huenda ikaendelea kukua maadamu shaba ya Kongo inapita barabarani. Reli zikichukua sehemu ya mzigo, huenda ikapungua, ingawa ahadi za reli zimesikika kwa miaka mingi. Wenye malori mengi wanaweza kununua kwa jumla na kujipangia ratiba. Mwenye gari moja, anayesubiri malipo ya mzigo uliopita, ataendelea kwenda kwa kijana wa kompresa, na sioni bei ya filta halisi ikishuka kiasi cha kumzuia.