Nyoka wa Nyumbani, Adui wa Panya

Wamarekani wengi hufuga nyoka aitwaye Lampropeltis triangulum. Wakulima wao wa zamani walidai kwamba hunyonya maziwa ya ng'ombe. Kumbe alifuata panya waliomo zizini. Dodoma yuko nyoka wa tabia kama hiyo: nyoka wa nyumbani, wa jenasi ya Boaedon.

Rangi yake ni hudhurungi, na kila upande wa kichwa pana mistari miwili hafifu. Hana sumu yenye kumdhuru binadamu. Usiku huingia katika tembe na ghala za mtama, humbana panya mpaka afe, kisha humla mzima.

Anayefuga nyoka wa namna hii humweka katika sanduku lenye matundu ya hewa na kifuniko imara. Upande mmoja huwa na joto na wa pili ubaridi, kwani mwili wa nyoka hutegemea joto la nje. Huhitaji maji, maficho, na panya mmoja kila juma hivi. Macho yakifanya ukungu, yu karibu kujivua gamba, asisumbuliwe.

Hata hivyo, mwanafunzi asikamate nyoka wa porini: swila na kifutu, wenye sumu kali, nao huishi Dodoma. Lililo jema ni kumtazama kwa mbali na kumwacha apite. Nyoka wa nyumbani auawapo bure, panya ndiye anufaikaye, na mtama wa mkulima ndio upunguao.